Mama Pindo na Ukurasa wa Mwisho

Kiwandani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuna aliyekunja pindo la suruali likalala kama lake. Alikuwa na tabia iliyowaudhi wasimamizi: nguo yoyote ukimpa, kwanza huigeuza ndani nje. Kwa nje, alisema, hata ushenzi hupigwa pasi.

Siku mashine ya kupachika vifungo ilipomkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, haikuwa na kinga ya chuma. Msimamizi alikuwa ameing'oa kinga hiyo, eti inachelewesha kazi. Kampuni ikaandika kwamba mama wa watu alizembea, naye akaenda mahakamani. Kiti hata hakijapoa, wakamkalisha hapo binti wa dada yake, aliyemlea mwenyewe. Kinga haikurudishwa.

Mwaka mzima kesi ikapigwa danadana. Wiki moja kabla ya kusikilizwa, wakili wake, dada mpole wa miwani mizito, akamwita ofisini: kampuni inataka kumaliza mambo nje ya mahakama. Akamweleza taratibu. Ukitia sahihi unalipwa, kesi imekufa, huwezi kuifufua hata mkono ukianza kukusumbua upya. Ukikataa ukashindwa, unatoka mikono mitupu, pengine na gharama zao juu yako. Na kulipa kwao si kukiri kosa.

"Pesa ni nzuri, mama," wakili akasema. "Sikudanganyi."

Mama Pindo hakubisha. Akashika kalamu, wakili akashusha pumzi. Lakini mazoea ni mazoea: akaligeuza lile bunda la karatasi, akaanza kusoma ukurasa wa mwisho. Huko nyuma palikuwa na kifungu kidogo: mdai hatamweleza mtu yeyote alivyoumia, wala hali ya mashine.

Wakili akasema hicho huwekwa kila mara, ni kawaida tu.

"Mtu yeyote, pamoja na mwanangu aliyekalia kiti changu?"

Wakili akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akakubali kwamba ndiyo.

"Basi wanataka niwauzie na vidole vyake."

Akauliza kama naye anaweza kupeleka ofa yake. Inawezekana, akajibiwa, ila ya kampuni huenda ikafa. Akasema ife, yeye hatakwenda mazikoni. Akaandikisha: kifungu kile kitoke, kinga irudi kwenye kila mashine, pesa wakitaka wapunguze.

Nyumbani, binti alimsihi. "Mama mdogo, tia sahihi tu. Mimi niko makini."

"Hata mimi nilikuwa makini."

Siku ya kesi, wakili wa kampuni alimfuata Mama Pindo na wakili wake kwenye korido ya mahakama, suti inang'aa, karatasi mpya mkononi, tabasamu mpaka masikioni. Kila alichotaka mama kimo, akasema. Mama Pindo akalitazama pindo la suruali ya bwana huyo, akalihurumia, kisha akaigeuza karatasi. Kifungu kimeondoka, kweli. Lakini mwishoni: kinga zitafungwa siku sitini baada ya sahihi.

"Kinga kwanza," akasema. "Mwanangu akinipigia kwamba imefungwa, natia sahihi."

Yule bwana akamkumbusha kwamba hakimu yuko tayari, kesi inaitwa sasa hivi.

"Vizuri. Tuingie."

Akawa ameshashika kitasa cha mlango kwa vidole vyake vitatu, na nyuma yake wakili wa kampuni anajipapasa mifukoni, anatafuta simu.