Korongo Zipo?

Mjomba wangu ni mlinzi wa kinamasi cha pwani, kazi ambayo mwenyewe huiita "kulipwa kutazama ndege wakila." Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi maji yakipwa, amekaa kwenye kigoda nyuma ya matete na darubini yake iliyobaki jicho moja zima. Yangeyange wakitikisa mguu topeni kuwashtua samaki, hutikisa na wake. Korongo akikabwa na kaa, mjomba ndiye anayemeza mate.

Siku moja asubuhi simu yake ililia. Alikuwa mpima ardhi, kijana mwenye adabu, anayechora barabara mpya ya kupita pale.

"Shikamoo mzee. Korongo bado zipo huko?"

"Marahaba. Hakuna, zimekwisha."

"Kabisa?"

"Kabisa, mwanangu."

Mjomba alidhani anaulizwa ndege. Kijana alikuwa anauliza ule mtaro mkubwa uliochimbwa na maji, ambao nao ni korongo, na ndio unaoingiza maji ya bahari kinamasini. Angesema "lipo" wangeelewana, maana ndege ni "wapo", lakini sisi kwa kuongea hovyo hatujambo. Tuta la barabara likajengwa bila kalavati la kupitishia maji. Tope likakauka, ndege wakaondoka.

Mambo yalipofumuka, watu kwenye kikao cha kijiji walicheka hadi machozi. Mjomba akabandikwa jina, Mzee Korongo, naye akacheka nao. Mpima ardhi, aliyekwishaandikiwa barua ya kujieleza, alimfuata akamwomba radhi kwa kutouliza vizuri. Mjomba akaipokea ile radhi. Mkewe peke yake hakucheka.

Jana nilimkuta mjomba kwenye kigoda chake, anatazama tope lililopasuka.

"Unajua kwa nini mke wangu hasemi na mimi?" aliniuliza. "Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu. Sikutoka. Nilijibu simu nimejifunika blanketi, chai ameniletea yeye, nikasema zimekwisha ili nisitumwe kwenda kutazama."

Niliona aibu kwa niaba yake.

"Na maji yakipwa wale ndege hula mle mle mtaroni. Ningetoka tu ningewaona, ningesema zipo, na kijana angepata jibu lake."

Akaniomba simu. Nikampigia mimi yule mpima ardhi.

"Shikamoo mzee," kijana aliitikia.

"Leo usiniamkie, mwanangu," mjomba alisema. "Siku ile nilikuwa kitandani."