Jina la Shangazi Leokadia Kikaoni

Niliondoka Sumbawanga kwa sababu ya sentensi moja. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa muda mrefu nimeshiriki, kwa njia ya mtandao, katika jopo la wataalamu wa nchi nyingi. Tulikuwa tunatafuta sentensi moja ya kueleza maana ya ugonjwa wa kupungukiwa misuli uzeeni. Kila nchi ilikuwa na maana yake; mgonjwa wa kwetu akivuka mpaka aliweza kuambiwa ni mzima. Wenzangu wengine walitaka tuangalie ukubwa wa misuli tu. Mimi nilitaka nguvu nayo iingie. Mwenyekiti akaniomba nilete mfano.

Asubuhi nikapita Matai, na kabla ya mchana nilikuwa Mwazye kwa shangazi yangu Leokadia, mkulima wa ulezi, niliyesikia kwamba nguvu zinamwishia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nisamehe, kusimama ni kazi."

Mwanawe Deo, anayeishi naye, akanisogelea. "Anakula vizuri, mwili ni ule ule. Naona ni uvivu tu."

Shangazi alisikia, akainamisha macho.

Nilimpima viungo, havikuwa na shida, wala hakuwa na dalili za kiharusi. Nikampa kifaa cha kupimia nguvu ya kiganja. Alikibana mpaka uso ukakunjamana, na mshale ukasogea kidogo tu. Deo alitazama mshale, kisha mikono minene ya mama yake.

"Mama, sikujua," alisema.

"Mkono ni wangu," shangazi akajibu, "ila nikiutuma hauendi."

Nilimwomba ruhusa ya kusimulia habari zake kwenye kikao cha jopo jioni hiyo, bila kumtaja.

"Simulia. Na jina litaje."

Jioni nilikuwa Matai, katika chumba cha gesti chenye mtandao mzuri. Nikamtaja kwa jina lake lote. Daktari mmoja wa ng'ambo akauliza kama tatizo halikuwa viungo. Nikamweleza nilivyovipima. Tulibishana sana. Nilipendekeza pia kwamba mwendo wa polepole uingizwe, wakakataa: huo, walisema, ni matokeo ya ugonjwa, si ugonjwa wenyewe. Nikaona wana hoja. Lakini nguvu iliingia, kando ya ukubwa wa misuli, kwa kura nyingi. Nilizima kompyuta, nikaiandika sentensi yetu kwa Kiswahili. Watu wa mabara yote walikuwa wamekubaliana, na mwanamke wa Mwazye alikuwamo.

Kesho yake, kwenye gari la kurudi Sumbawanga, mama aliyekaa kando yangu aliuliza ninasoma nini. Nikamsomea sentensi yetu kwa Kiswahili.

"Kwa Kifipa inasemwaje?" akauliza. "Mama yangu Kiswahili hakimwingii, na hali yake ndiyo hiyo."

Nilianza, nikakwama, nikaanza upya. Alinisahihisha neno moja, akairudia mpaka akaishika. Nilijifunza hapo kwamba jopo lilikuwa limemaliza kazi yake, na yangu ndiyo kwanza inaanza. Aliposhuka Pito, midomo yake bado ilikuwa inaisema.