Utumishi Wangu wa Muhula Mmoja kama Mtunza Ufunguo

Niliripoti kazini Jumatatu, kipindi cha tatu, nikiwa nimechelewa. Madam wa Biolojia alikuwa ameandika ubaoni neno refu kuliko kamba ya kufungia fahali: dikotomia. Aliponiona mlangoni akasema, "Wewe mchekeshaji, njoo mbele. Leo nakupa kazi, labda huo mdomo utapumzika."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Nawaandikia nyinyi wa kidato cha kwanza mnaodhani kazi ile ilikuwa rahisi.

Dikotomia, kwa maelezo ya Madam, ni kugawa vitu pande mbili tu, pasiwe na kinachokaa pande zote mbili wala kinachobaki nje. Ukipanga maswali ya namna hiyo, kila moja na majibu yake mawili, unapata kinachoitwa ufunguo. Ana mabawa, hana mabawa? Kama anayo, nenda swali la pili. Unafuata hivyo mpaka unafika kwenye jina la mdudu. Mimi nikawa Mtunza Ufunguo wa kidato cha tatu. Cheo nilikibuni mwenyewe na hakuna aliyekipinga.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa maabara, chumba chenye meza nne na panzi wengi kwenye chupa. Nilifanya vizuri mno, ndipo neno likanipanda kichwani. Nikagawa walimu: wanaolijua jina langu, na wenye bahati. Mlinzi wa geti naye nikampangia majibu yake: amelala, au anajiandaa kulala. Mkuu wa Shule akaniita ofisini.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Nasikia umegawa walimu wangu. Mimi niko upande gani?"

"Mkuu, wewe ndiye unayeshika kisu cha kugawia."

Mpaka leo sijui kama alicheka au alikohoa.

Kituo cha pili kilikuwa nyuma ya shule, shambani kwa Bibi Martina. Huku Basotu ngano si kitu kigeni, lakini Bibi alizoea mahindi. Msimu uliopita yalimkaukia yote, kwa hiyo safari hii akaweka ngano shamba zima. Ikiharibika, hana kingine cha kula. Na katikati yake ilikuwa imeota ngano mwitu, gugu linalofanana na ngano kama pacha. Zikiwa changa, tofauti iko pale jani linapokumbatia shina: ngano ina vijisikio viwili vidogo, gugu halina. Bibi alipanda kwa kumwaga mbegu, hakukuwa na mistari ya kutusaidia. Madam akamwahidi kwamba darasa letu litapalilia kwa mikono. Sisi tupate somo, yeye apate shamba safi. Akaniagiza niandike ufunguo ubaoni, wenzangu wanakili.

Niliuandika huku nikiigiza Mwalimu wa Nidhamu anavyotembea. Darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea. Ufunguo ukasomeka hivi: Lina vijisikio, ng'oa. Halina, acha.

Jumamosi tulifika asubuhi, udongo laini baada ya mvua. Madam alikuwa kwenye kikao, angetufuata. Tukaanza kwa kasi. Rafiki yangu Tluway, mtoto wa wafugaji ambao kwao hawalimi hata mchicha, akasimama.

"Oya, mbona hii tunayong'oa ndiyo nyingi?"

"Magugu siku zote ni mengi, Tluway. Wewe fuata ufunguo."

Bibi akaja na ndoo ya uji. Tukamwamkia wote kwa pamoja. Alitua ndoo, akaokota mche kwenye lundo letu, akaugeuza.

"Mjukuu wangu, hii ni ngano."

"Hapana, Bibi, ina vijisikio, kwa hiyo..." Nikasoma karatasi. Nikasoma tena. Nikaanza kuhisi kwamba karatasi ndiyo inayonisoma. Mzaha nilikuwa nao tayari mdomoni, ukagoma kutoka. Upande mmoja wa shamba ilikuwa imebaki ngano mwitu tupu, imesimama vizuri, imepaliliwa.

"Niliyeandika ni mimi, Bibi," nikasema.

Akatazama mizizi, bado ina udongo. "Sasa mnangoja nini? Rudisheni kabla jua halijapanda."

Wengine waling'oa gugu, wengine tukafuata nyuma tukipanda upya, mche mmoja mmoja, kwa vidole. Madam alipofika alitazama lundo letu. Alivua viatu, akainama. Jumatatu akanistaafisha bila hotuba.

Miche mingine ilishika, mingine ikanyauka. Shamba lina mabaka kama ndama, na hakuna anayeweza kusema litatoa nini. Mimi mstaafu huenda kila Jumamosi. Bibi hataki kuona karatasi. Hushika kidole changu akakisugua kwenye shingo ya jani.

"Hii?"

"Ngano, Bibi."

"Hii?"

"Mwitu." Akaing'oa.

"Na hii?"

Nilipapasa. Kulikuwa na kitu, au hakukuwa na kitu. Labda kijisikio kilikatika siku ile ya kurudishia, labda hakikuwahi kuwepo. Nilibadilisha kidole. Nikabadilisha mkono.

"Bibi, sijui."

Nilingoja anicheke. Akapapasa yeye, muda mrefu, kisha akainuka ameshika kiuno.

"Hata mimi sijui. Iache. Ikitoa suke tutaiona."

Tukaizunguka, tukaenda kwenye mche unaofuata.