Mama na Filamu Isiyosema

Mama yangu alikuwa hodari wa sinema, na sisemi hivi kwa sababu ni mama yangu. Zamani, tulipokuwa tukikaa Mji Mkongwe, palikuwa na maonyesho ya alasiri ya wanawake peke yao. Mama alijitanda buibui lake, akaniacha kwa bibi, akenda. Akirudi hakupata nafasi hata ya kuvua viatu. Majirani walionyimwa ruhusa na waume zao, au wenye watoto wachanga, walikuwa wameshakaa ukumbini, kila mmoja na kofia anayoishona, wanamngoja awasimulie.

"Anza mwanzo, na usiruke," wakimwambia.

Naye haruki. Mchumba akilia, Mama analia. Baba mkali akiingia, Mama anasimama na kukunja uso. Baadaye nilikuja kwenda sinema mwenyewe, na nasema kweli, picha zote zilinipwaya. Hazikuwa na Mama ndani yake.

Siku hizi tunakaa Mwanakwerekwe, na masikio ya Mama yamemtupa mkono. Uziwi wenyewe aliupokea kwa subira. Kilichomvunja ni msiba mmoja, alipodhani anamnong'oneza wifi yake, kumbe msiba mzima unasikia kwamba wali haukuiva. Watu wakacheka, tena msibani! Tangu siku ile akafunga mdomo. Ukimuuliza kitu anatikisa kichwa, basi. Tukiwasha televisheni anajiondokea chumbani kwake. Nilimwonea uchungu, na zaidi niliogopa: kwamba iko siku nitamzika mama yangu bila ya kuisikia tena sauti yake.

Juzi mwanangu wa kike akaunganisha simu yake na televisheni, akaweka filamu ya kizamani, ya enzi ambazo picha zilikuwa hazijajua kusema.

"Filamu haina sauti, ndo filamu gani hiyo?" nikamkoromea.

Mama alikuwa anapita na birika lake, anakwenda kutia udhu. Akasimama. Kisha akaliweka birika chini, akakaa.

Kijana mmoja anampenda msichana muuza glavu. Hana ujasiri wa kumwambia, basi kila siku anakwenda dukani kununua glavu, mpaka chumbani kwake pakawa hapana pa kulala. Maneno machache yaliyoandikwa kwenye kioo yalikuwa ya Kizungu, na Mama hakisomi. Wala hakuyahitaji.

"Huyu kapenda," akasema ghafla, kwa sauti kubwa iliyokwaruza. "Mtazameni macho. Na mwenzake anajua, anajitia hamnazo tu."

Mimi na mwanangu tukatazamana. Hatukuthubutu hata kujikuna.

Mama akaendelea. Akamcheka kijana alipoanguka na maboksi yake, akamlaani mwenye duka aliyemtaka msichana kwa nguvu. Kisha mama wa msichana akaugua, na mlangoni akaja bwana mmoja mwenye koti jeusi na mkoba.

"Mshenga huyo!" Mama akapiga kofi. "Mkobani mna posa. Lakini kijana mjinga, kamtuma mtu aliyenuna. Posa haipelekwi hivyo."

"Bibi, huyo daktari," mwanangu akasema. Kwa kuwa hakusikika, akanyoosha mkono amguse goti, amweleze.

Nikaukamata mkono ule, nikaubana hata akaguta.

"Bibi yako akisema mshenga, ni mshenga," nikamwambia.

Basi mshenga akakaa kando ya kitanda, akafungua mkoba, akamtazama mgonjwa ulimi. Nikasema hapa tumekwisha. Mama hakutetereka.

"Wazungu nao na mila zao," akasema.

Filamu ikaisha, wapenzi wanacheka katikati ya glavu zao. Mwanangu akazima televisheni. Nilingoja Mama ainuke, arudi chumbani kwake na kimya chake. Hakuinuka. Alitugeukia, akaanza kutusimulia mshenga wa marehemu baba yangu: mzee mwenye kikohozi, aliyekohoa hata akasahau kilichomleta, na yeye Mama, msichana, yuko nyuma ya pazia roho juu, maana amtakaye anamjua na mzee hasemi katumwa na nani. Nilikuwa sijapata kuisikia habari ile maishani mwangu. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Mama akaniona. Akakatiza hadithi, akanishika shavu.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Nlimkubali."