Asubuhi ya Kumtafuta Baba

Nikisikia harufu ya mawese yakichemka, narudi uani kwetu Ujiji, asubuhi ile mtumbwi wa baba haukurudi kutoka ziwani. Wavuvi wenzake walikuwa wamekuja kwetu, nguo zimelowa, wakijiandaa kwenda kumtafuta. Mama hakulia. Aliazima petroli kwa jirani, akawaambia waanzie upande wa Ilagala kwa sababu upepo ulivumia kule, kisha akainjika maharage ya mawese ili wasiingie majini na njaa.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya pipa la maji. Akaniona. Akaacha mwiko, akakaa palepale kwenye tope, akanipakata.

“Mama, baba atarudi?”

“Sijui, mwanangu. Wewe lia, nimekushika.”

Nililia mpaka nikachoka. Wale wanaume walisubiri. Maharage yakaungua, wakayala hivyohivyo, wakaondoka.

Jioni walirudi bila baba. Mama aliwashukuru mmoja mmoja, akaniogesha, akanilisha. Kisha akaingia chumbani kwao peke yake, akafunga mlango. Nilitega sikio pale mlangoni kwa muda mrefu. Sikusikia sauti yoyote.