Kona ya Mchanga, Ruziba

Mke wangu alishikwa na uchungu alfajiri, milio ya risasi ilipokuwa imetulia kidogo upande wa milimani. Tuliishi Ruziba, ambako nilikuwa nikichanja watoto katika kituo cha afya. Gari la kutupeleka mjini halikupatikana. Madereva waliiogopa barabara. Nilikuwa na pikipiki ya kazi, ile ndefu yenye matairi ya meno, ya kupandia njia za vumbi. Alikaa nyuma, akanishika kiunoni, tukaondoka.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa mkono wangu wa kulia. Miezi michache nyuma, nikishuka mteremko wa Kiriri baada ya mvua, niliingiwa na hofu katikati ya kona nikabana breki ya mbele ghafla. Gurudumu liliteleza, nikaburuzika hadi mtaroni. Tangu hapo nilijua la kufanya: kupunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ingali wima, na kulegeza vidole kwenye breki ikishalala upande. Nilijua, lakini mkono sikuuamini.

"Unatetemeka," mke wangu alisema mgongoni.

"Ni barabara."

"Apana. Ni we."

Kwenye kona ya mchanga nilipunguza mapema, nikaachia breki, nikailaza pikipiki upande taratibu. Ndipo nikaona gogo limelazwa njiani, na wanajeshi wawili nyuma yake, bunduki zimetuelekea. Asiyesimama angepigwa risasi. Hilo kila mtu alilijua. Vidole viliruka vyenyewe kwenye breki ya mbele. Usukani ukaanza kunikimbia.

Nikavilegeza. Niliinua pikipiki iwe wima kwanza, ikanyooka kuelekea majani ya kando, kisha nikabana polepole huku nikikanyaga breki ya nyuma. Tulisimama vichakani, hatukuanguka.

"Ulitaka kukimbilia wapi?" mwanajeshi mmoja alifoka, akija mbio.

Mke wangu ndiye aliyejibu, akihema: "Mutoto anakuja, shefu. Angalia mwenyewe."

Mwanajeshi alimtazama tumboni, akashusha bunduki, akamwita mwenzake. Wakaliburuta gogo pembeni.

Binti yetu alizaliwa hospitalini kabla ya adhuhuri. Muuguzi aliponiletea mtoto, nilirudisha mikono nyuma.

"Ngoja kidogo, dada," nilimwambia. "Nitamwangusha."

Akanikalisha kwenye benchi, akamlaza mapajani mwangu.