Notisi ya Bibi Rumbelow

Edwin Trussell alipiga magoti kwenye bustani ya Bibi Rumbelow, akachomeka ndoano yake kwenye mfuniko wa chemba ya majitaka, akaunyanyua na kuinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kuingia shimoni. Alikuwa akitafuta harufu ya mnanaa. Dakika kumi kabla ya hapo, katika nyumba ya jirani, alikuwa amemimina kichupa kizima cha mafuta ya mnanaa chooni na kukifuatisha ndoo mbili za maji ya moto. Kama bomba la jirani linapita hapa, hata mtu mwenye mafua angenusa.

Alinusa dawa ya choo. Ile nyeusi ya kopo, inayonuka lami na hospitali, kali kiasi cha kumtoa machozi.

"Umepata?" Bibi Rumbelow aliuliza akiwa mlango wa jikoni, mikono ndani ya aproni.

"Bado."

"Leo Jumanne, Bwana Trussell. Ijumaa hiyo."

Alijua. Notisi yenyewe aliiandika yeye. Mwezi uliopita alikuja hapa, akakuta bomba limepasuka na uchafu unachuruzika kwenye kabichi, akarudi ofisini, akafungua ramani ya mabomba ya mwaka 1931. Ramani ilionyesha kila nyumba ya Barabara ya Alder ina bomba lake. Basi bomba la namba kumi na nane, kwa Bibi Rumbelow, ni la mwenye namba kumi na nane, na mwenyewe ndiye wa kulitengeneza. Alitia sahihi, akabandika stempu, akaenda kunywa chai yake. Siku ishirini na nane, la sivyo mahakamani.

Siku ya nne ndipo alipomfikiria fundi aliyejenga mtaa ule. Baba yake Trussell aliwahi kumchanganyia saruji yule bwana, na alimjua kuwa hakuwahi kuchimba mitaro mitatu pale ambapo mmoja ungetosha. Ramani aliichorea manispaa, mtaro akauchimbia mfuko wake. Kama ndivyo, bomba lile lilikuwa limebeba vyoo vya nyumba tatu tangu kabla ya vita, na bomba la zamani la nyumba zaidi ya moja, kwa sheria, ni la manispaa. Bibi Rumbelow, mjane, hapaswi kulipa hata peni.

Trussell hakuwa mtu wa huruma. Miaka ishirini na miwili ya kuwa bwana afya wa Marlsden, akikagua bucha na kufukuza panya, ilikuwa imemwonyesha kwamba wanaolia sana ndio wenye akiba. Lakini Bibi Rumbelow hakulia. Alimwambia tu kwamba mkandarasi ametaja pauni tisini, kwamba hana, na kwamba itabidi aiweke rehani nyumba ambayo mumewe aliilipia miaka ishirini akafa miezi minne baada ya kumaliza. Alilisema kama anayetaja bei ya viazi. Hilo ndilo lililomkaa Trussell rohoni. Hilo, na sahihi yake pale chini ya karatasi.

Alimwendea mhandisi wa manispaa, Cyril Oakshott, mtu aliyependa ramani zake kuliko barabara zenyewe. Oakshott alimsikiliza hadi mwisho, akasema ramani ni ramani. Akitaka ibadilishwe, alete uthibitisho: kitu kilichoingia choo cha jirani kikaonekane ndani ya chemba ya mjane. Vinginevyo notisi inasimama.

Jambo dogo. Mtoto angeliweza. Unatia rangi ya kijani chooni, unavuta maji, unakwenda kutazama. Ila sheria inasema bwana afya haingii nyumba ya mtu bila kumpa taarifa ya siku nzima kabla, na hapo ndipo Trussell alipogonga ukuta, maana Barabara ya Alder haikuwa mtaa wa kupokea mgeni na choo kichafu. Hata mgeni wa chooni.

Mara ya kwanza, Bibi Gaskin wa namba kumi na sita alipopata taarifa alimwaga chupa sita za dawa ya kung'arishia nguo. Rangi ya kijani ilikutana na dawa ile humo bombani ikafa. Trussell alisubiri chembani saa nzima, akaona maji yasiyo na rangi yoyote. Oakshott alicheka mpaka akavua miwani.

Mara ya pili Trussell alifanya kosa kubwa zaidi. Alimwomba Bibi Gaskin, kwa adabu zote, asisafishe. Yule mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa aende kanisani bila sketi. Akaenda dukani akaacha dawa ya nguo, kama alivyoombwa, akanunua ile nyeusi. Na sasa mnanaa wa Trussell ulikuwa umezama ndani yake.

Alifunika chemba kwa hasira, akajibana kidole. Akavaa koti, akapanda baiskeli, na alipofika kona ya posta akasimama ghafla, mguu mmoja chini, gari la maziwa likampigia honi nyuma. Alikuwa akitazama chupa za maziwa. Dawa ile nyeusi, ikikutana na maji, hugeuka nyeupe pee. Bibi Gaskin alikuwa akimtilia rangi mwenyewe.

Jumatano asubuhi alipeleka taarifa namba kumi na sita na namba kumi na nne: bwana afya atapita kesho saa nne kamili kukagua vyoo. Aliandika neno kukagua kwa herufi kubwa. Kisha akaenda kwa Oakshott. Mhandisi hakuwa na nafasi. Trussell, aliyekuwa akiamini kwamba kila mtu ana mzigo anaotamani kuutua, alimuuliza ni nani anayejibu barua za watu wanaolalamikia harufu ya mtambo wa majitaka siku za joto. Oakshott alivuta pumzi ndefu. Walikubaliana: barua zote za kiangazi hiki ni za Trussell, na kesho saa mbili na nusu Oakshott atasimama kwenye kabichi.

Alisimama, na viatu vizuri, akiwa amekunja uso. Bibi Rumbelow alikuwa amefunga koki kubwa ya nyumba tangu alfajiri, ili tone lolote litakaloingia chembani lisiwe lake, na Oakshott mwenyewe aliijaribu, akafungua bomba la jikoni, likatoa hewa tu. Trussell akanyanyua mfuniko. Walingoja. Saa tatu kasorobo hakuna. Saa tatu hakuna. Oakshott alitoa saa mfukoni akaitazama, akairudisha, akaitoa tena.

Saa tatu na dakika saba wakasikia choo kikivutwa upande wa pili wa ua. Kutoka mdomo wa juu wa chemba yakaja maji meupe kama maziwa, yakashuka, yakatandaa juu ya ule uchafu, na ile harufu ikapanda. Baada ya dakika chache wimbi la pili likaja kutoka mbali zaidi, la wale dada wawili wa namba kumi na nne.

Oakshott aliinama akayatazama. Kisha akasema hilo halimtoshi. Anaona dawa, haoni mwenye dawa. Lazima mwenyewe akiri.

Bibi Gaskin alikuwa tayari ametokeza kichwa juu ya ua, nywele zimefungwa kitambaa. Oakshott alimvulia kofia, akamuuliza kama leo amemwaga chochote chooni.

"Sisi?" alisema Bibi Gaskin. "Choo chetu hakina haja ya kumwagiwa kitu, bwana."

Trussell alihisi damu ikimpanda masikioni. Wiki tatu na zaidi, na yote yanaangukia aibu ya mama mmoja. Alijizuia. Akatoa daftari, akalamba ncha ya penseli.

"Asante, Bibi Gaskin. Basi ninaandika: namba kumi na sita, choo kilikutwa hakijatiwa dawa."

"Unaandika nini?"

"Ulivyosema. Na wale dada wa kumi na nne, wao naona wametia."

Kichwa kilizama nyuma ya ua, kikaibuka tena pamoja na kopo.

"Makopo mawili," alisema Bibi Gaskin. "Mawili, Bwana Trussell, si moja. Saa tatu na dakika saba. Andika hivyo. Na hawa wa kumi na nne hata nusu hawakumaliza, mimi nawajua."

Trussell alimpa daftari pale pale juu ya ua, naye Bibi Gaskin akatia sahihi. Oakshott akatia yake chini, akifuta viatu kwenye nyasi. Alhamisi jioni notisi ikafutwa.

Ijumaa Trussell alikwenda kumwambia mwenyewe. Bibi Rumbelow aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka nyuma ya saa ya mezani.

"Kwa hiyo bomba si langu."

"Si lako. La manispaa."

"Na wanakuja lini kulitengeneza?"

Hapo Trussell alitazama kofia yake. Alikuwa ametoka kugombana na Oakshott asubuhi nzima. Mabomba yakiwa ya watu binafsi, manispaa inatoa siku ishirini na nane. Yakiwa ya manispaa yenyewe, yanaingia kwenye orodha, na mbele ya Barabara ya Alder kulikuwa na mitaa kumi na mmoja. Alichoweza kupata ni gari la kunyonya majitaka, mara moja kila wiki mbili, na hata hilo alilipata kwa kukataa kuondoka ofisini.

"Oktoba," alisema.

Bibi Rumbelow aligeukia dirisha la bustani. "Mavi si yangu tena, ila yataendelea kukaa kwangu."

"Ndivyo ilivyo."

"Oktoba ya mwaka huu?"

Trussell alifungua daftari ukurasa mpya. Akamwomba amwandikie barua ya malalamiko, leo hii, kwa mkono wake, na kesho nyingine, na asiache hata siku moja; barua za harufu kiangazi hiki zilikuwa zake, na kila moja angeipeleka mwenyewe mezani kwa Oakshott.